Baba ana Parkinson, kaka anasema ugoro ni kinga

Daktari, shikamoo.

Naishi Morogoro na baba yangu, mzee wa miaka 71. Amebwia ugoro tangu ujana, ule uliochanganywa na magadi, anauweka nyuma ya mdomo wa chini. Mwaka juzi mkono wa kulia ulianza kutetemeka hata akiwa ametulia, na hatua zikawa fupi. Hospitali walisema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Anameza levodopa, dawa ya ugonjwa huo, na kwa kweli inamsaidia.

Ugomvi ulianzia kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Kaka mkubwa alituma habari ya utafiti wa Sweden wa 2017, kwamba wanaume wanaotumia snus, ugoro wa kwao, waliugua Parkinson kwa nadra kuliko wasioitumia. Nimeutafuta, upo kweli, na ulihusu wanaume zaidi ya laki tatu. Tangu hapo kaka kila akija anamletea baba kikopo kipya, na baba naye kapata pa kusimamia: "Wazungu wenyewe wamesema!"

Lakini wale walifuatiliwa kabla hawajaugua. Baba kabwia miaka yote hiyo na ugonjwa umempata vilevile. Nimesoma pia kwamba wagonjwa wa Ujerumani na Marekani walibandikwa plasta za nikotini, kile kilevi kilichomo kwenye ugoro, mwaka mzima, na majibu yaliyotoka 2023 yakaonyesha hazikupunguza kasi ya ugonjwa. Isitoshe, snus hupitishwa kwenye mvuke wa moto kiwandani ili sumu za saratani zipungue. Huu wa sokoni kwetu nani anaupima? Kaka ananijibu eti mimi si daktari. Yeye ni fundi magari, ila hilo halisemwi.

Kinachoninyima usingizi hasa ni doa jeupe kwenye fizi, palepale anapoweka ugoro. Halifutiki kwa mswaki. Halimuumi, basi hataki kwenda kulionyesha. Na mama mdogo alipomfichia kikopo, mzee hakulala, alifoka kutwa na mtetemo ukazidi, hadi akarudishiwa.

Daktari, doa hilo linaweza kusubiri kliniki yake ijayo, au nimpeleke kwa daktari wa meno wiki hii? Ugoro unaweza kupunguzwa kidogokidogo bila kumvuruga na dawa zake? Na kaka nimwambieje? Ndiye mkubwa wetu, na hizo levodopa ananunua yeye.

Binti wa Mzee, Morogoro