Viti vya watoto vijaribiwe vichochoroni

Mhariri,

Kawaida gazeti lenu nalisoma, nalikunja, jioni linafungiwa samaki. Safari hii nimeshindwa. Mlitoa habari ya wataalamu waliokutana kubuni viti vya magurudumu vya watoto, eti viwe salama na visipinduke. Pichani kiti kinang'aa juu ya marumaru. Hapa Lamu marumaru hiyo nani anayo?

Mjukuu wangu ana mtindio wa ubongo. Kiti chake ni cha msaada, na siku ya kukabidhiwa tulipiga picha na wakubwa. Magurudumu yake ya mbele ni madogo kama vifuniko vya birika. Mama yake alikuwa akimpitisha mtaani kwetu Langoni kwenda kliniki, punda waliobeba mawe wakaja, akajibana ukutani kuwapisha, gurudumu likazama kwenye mfereji. Kiti kikapinduka kifudifudi na mtoto kafungwa mkanda ndani yake. Mdomo ukapasuka. Waliotoa kiti walimjibu mama kwamba asukume polepole. Polepole! Kiti hicho hicho kwenye ngazi huangukia kisogo, maana magurudumu makubwa yamekaa mbele mno na nyuma hakuna vigurudumu vya kukizuia. Ukitundika kikapu cha sokoni kwenye vishikio, kwisha habari. Tena ni kipana, kimekatwa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto anaelea ndani, analalia ubavu, mgongo unapinda. Mkanda unambana tumbo badala ya kumshika nyonga. Beringi zililiwa na chumvi kabla Maulidi hayajarudi.

Na hakuna siri hapa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: kiti kimfae mtumiaji na mahali anapoishi, kimkae sawasawa, kiwe na vipuri na mtu wa kukitengeneza. Viti vya magurudumu matatu, la mbele kubwa na limesogezwa mbali na miguu, vipo, na mashimo havijali. Ila ni virefu, na kona zetu mwazijua. Hapo ndipo pa kukuna kichwa, si kwenye rangi ya kitambaa.

Tukiomba mifereji ifunikwe tunaambiwa mji ni urithi wa dunia tangu 2001, usiguswe. Lakini zege la wenye nazo linapanda ghorofa na hakuna anayeliuliza. Gatini ndiyo balaa: mtoto hupandishwa boti ya Mokowe, ng'ambo bara, begani mwa baharia, kiti kikarushwa juu ya magunia. Kifungu cha 54 cha Katiba kinataja usafiri wa umma na vifaa vya watu wenye ulemavu. Labda hakijavuka maji.

Basi mkutano ujao ufanyike hapa. Kila mhandisi apewe kiti alichobuni, ndani kuna gunia la mchele la kilo 25, kikapu cha samaki kinaning'inia nyuma, asukume kutoka mtaa wa Mkomani hadi soko la Ngomeni asubuhi punda wakiwa kazini. Fundi baiskeli wa mtaani awe msimamizi, aseme tairi ipi anayo na ipi mpaka iagizwe Mombasa. Mchele ukimwagika ataokota mwenyewe, punje kwa punje, na chakula cha mchana kitapikwa kwa utakaofika.

Babu wa Langoni,
Lamu