Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu;
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi;
Wanafunzi wenzetu;
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha hapa tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa wanafunzi. Tunajua ratiba yako ni ndefu. Kwa hiyo hatutazungumzia mazingira ya dunia nzima, ingawa siku yenyewe ni ya dunia nzima tangu 1973. Tutazungumzia tope.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilizaliwa kwa sababu ya shimo lililokufa. Kama ulivyoona ulipokuwa unapanda, shule iko juu ya mteremko, na maji yetu yote hushuka kuelekea mto Msimbazi wa hapa Dar es Salaam. Kila masika maji ya mabati na ya ua yalikuwa yanatoka getini kwa kishindo na kuingia kwa majirani wa chini, ambao kwa kweli walituvumilia sana. Wazazi wakachanga, likachimbwa shimo la kunyonya maji, likajazwa mawe na kokoto. Masika ya kwanza shimo lilikunywa maji vizuri, likapigiwa makofi. Masika ya pili likaanza kusitasita. Ilipofika Aprili maji yalikuwa yamesimama juu yake kama kisima. Fundi alipofukua tulikuta nafasi zote kati ya mawe zimezibwa na tope laini kama uji wa ulezi. Michango ya wazazi ilikuwa imezikwa humo. Hatumlaumu mtu, maana hata sisi tulikuwa tunauliza maji yataenda wapi, wala hatukuuliza yanakuja na nini.

Swali hilo lilijibiwa na chupa. Mwalimu wetu wa fizikia alichota maji ya mtaro wakati mvua inanyesha, akayaweka mezani, akatuambia tuyatazame bila kuyagusa. Mchanga ulikaa chini kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni. Tope laini lilichukua kipindi chote na zaidi. Ule uvumbi wa udongo wa mfinyanzi ulikuwa bado unaelea tulipokuja kesho yake asubuhi. Hapo ndipo tukafundishwa hesabu yenyewe: chembe ya mchanga yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita huzama mita moja kwa dakika mbili hivi, kama maji yametulia. Chembe iliyo ndogo kuliko hiyo mara kumi huzama polepole mara mia, kwa hiyo mita ileile huichukua zaidi ya saa tatu. Udongo wa mfinyanzi huchukua siku kadhaa. Lakini yote hayo ni kwa maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia hayatui mzigo.

Mzigo wenyewe si udongo peke yake. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu kuliko zote, kwa sababu inafagia yaliyokusanyika miezi yote: vumbi la breki lenye shaba, unga wa matairi wenye zinki, oili, majivu, kinyesi cha kuku na mbuzi. Sehemu kubwa ya madini hayo hushikana na chembe laini za udongo na kusafiri nazo. Ukilikamata tope, umekamata na wenzake wengi.

Ndiyo maana mwaka jana, kabla ya kulifufua lile shimo, tulijenga kwanza mahali pa kuyatuliza maji. Ni chemba ya tofali na saruji, ndefu mita 3, pana mita 1 na nusu, kina mita 1 na sentimita 20. Wanafunzi wanaiita Stendi, na jina limeshika hata kwa walimu, kwa sababu abiria wote wanatakiwa kushukia hapo na maji yaendelee na safari peke yake. Maji yanaingia kwa kupita wavu wa nondo unaozuia chupa na mifuko, yanaangukia mawe makubwa yanayovunja kasi, kisha yanakutana na ukuta mfupi katikati. Mchanga unabaki upande wa kwanza. Maji yanayopita juu ya ukuta yanazidi kutulia upande wa pili, na yanatoka kwa bomba la inchi 6 lenye elbo, yaani kiungo cha bomba kilichopinda, iliyogeuzwa chini. Hiyo elbo ndiyo sehemu tunayojivunia, ingawa ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Oili huelea. Bomba linanyonya kutoka chini ya uso wa maji, basi oili inabaki juu mpaka tuiondoe.

Kutoka hapo maji yanatandazwa kwenye ukanda wa ukoka kabla ya kufika shimoni. Ukoka unakamata baadhi ya chembe zilizoishinda chemba. Tuseme ukweli, Mheshimiwa, si zote. Maji yanayofika mwisho bado yana rangi, na hatumruhusu mtu kuyanywa wala kunawia uso. Kazi yetu ilikuwa kuliokoa shimo na kupunguza kinachokwenda mtoni.

Bwana Afya wa kata alikuja akauliza swali ambalo hatukulitegemea: na mbu je? Dar es Salaam tumepata homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hukua ndani ya wiki moja au siku kumi katika maji yaliyosimama. Tuliona aibu, maana tulikuwa tunakaribia kumjengea mbu hosteli. Fundi akatoboa matundu madogo chini ya ukuta wa chemba na kuyazungushia kokoto, ili maji yavuje yaishe ndani ya siku mbili na tope libaki. Mifuniko nayo inabana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, huenda ukajiuliza chemba moja ya shule itaufanya nini mto mzima. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe na kumwaga baharini karibu na daraja la Selander. Katikati ya safari hiyo kuna Jangwani, na kila mkazi wa jiji hili anajua maana ya Jangwani wakati wa masika: mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu bondeni; wengi wetu tulikuwa wachanga, tumehadithiwa na mama zetu. Pale Jangwani katapila linachimbua mchanga, masika inaurudisha, kina cha mto kinapungua tena. Mchanga huo haukuota pale. Umeshuka kutoka milima iliyokatwa, barabara za vumbi na nyua zilizofagiliwa hadi zikang'aa, ukiwemo ua wetu. Tulipima mabati na ua kwa futi kamba tukapata mita za mraba 1,200. Mvua ya milimita 20 ikinyesha hapo ni lita 24,000, na mara nyingi ni mvua ya saa moja tu.

Sasa changamoto. Kubwa kuliko zote ni kwamba chemba ikijaa tope haina tofauti na kutokuwa na chemba. Mvua kubwa inalivuruga tope la zamani na kulisukuma mbele, na shimo linakufa mara ya pili. Tumejiwekea alama ya rangi nyekundu ukutani: tope likifika hapo, tunazoa siku hiyohiyo. Tuna sepeto nne na toroli moja ambayo tairi lake lina pancha kuliko hewa. Tope la upande wa ua tunaliweka kwenye miti. Tope la upande wa maegesho ya magari hatuliweki kwenye mchicha wa shule hata kidogo, kwa sababu ya oili na yale madini; lina shimo lake lililozungushiwa uzio, na shimo hilo linakaribia kujaa. Tena vuli hunyesha hadi Desemba, wakati sisi tumefunga shule. Mwaka huu tulirudi Januari tukakuta alama nyekundu imefunikwa kabisa.

Changamoto nyingine ni oili ya gereji iliyo juu yetu. Tulikwenda wenyewe kuzungumza na mafundi, wakatupokea vizuri kuliko tulivyotarajia. Siku hizi wanaikinga oili chafu kwenye madumu. Tatizo ni kwamba madumu yamejaa na hakuna anayekuja kuyachukua, na dumu lililojaa hatimaye humwagwa palepale lilipokuwa linamwagwa zamani.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa, utusaidie kupata toroli mbili na mabuti ya mpira. Tunaomba Serikali ya Mtaa iteue watu wa kuzoa chemba wakati wa likizo. Funguo za geti Mkuu wa Shule amekubali kuzitoa. Tunaomba ulifikishe halmashauri suala la mahali pa kupeleka oili chafu na lile tope la maegesho. Na mtaro wa mtaa huu utakapojengwa upya, tunaomba uwe na chemba za tope zenye mifuniko inayofunguka kwa mikono miwili, si ile ya zege inayohitaji winchi. Ombi hili la mwisho halina gharama kubwa kwenye mchoro, lakini likisahaulika, hakuna atakayezoa chochote.

Tunawashukuru wazazi waliochanga mara ya pili baada ya kupoteza mchango wa kwanza. Hilo halikuwa jambo dogo.

Mheshimiwa, kabla ya kukata utepe, tunaomba ufunue mfuniko wa Stendi ujionee. Baada ya mvua ya mwisho hatukuizoa, kwa makusudi, na mabuti ya saizi yako yapo pale kando.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa Klabu ya Mazingira na kusomwa na Katibu wa Klabu.