Ganzi ya miguu kwa wagonjwa wa kisukari: tuiangalie na vitamini B12

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wasomaji wako wengi wanaohudhuria kliniki za kisukari, pamoja na wauguzi na matabibu wanaowahudumia. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka 31, kumi na mitatu ya mwisho nikiwa katika kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya, na sasa nimestaafu. Kila siku ya kliniki nilisikia malalamiko yaleyale: miguu inawaka moto usiku, nyayo zimekufa ganzi, mtu anatembea lakini anajihisi kama anakanyaga pamba. Jibu letu, nami nikiwa mmoja wa waliolitoa, lilikuwa moja: hiyo ni sukari, mama, ishushe na miguu itatulia.

Kwa wagonjwa wengi jibu hilo ni la kweli. Sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia na ile mirefu kuliko yote inayoshuka hadi vidoleni mwa miguu, ndiyo maana ganzi huanzia huko na kupanda taratibu kana kwamba mtu anavaa soksi. Lakini liko tatizo jingine linalofanana na hilo kama pacha, nalo ni upungufu wa vitamini B12. Huanza kwa ganzi ileile, michomo ileile na kuyumba kulekule wakati wa kutembea gizani, na mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Kilichonisukuma kuandika barua hii ni kwamba tatizo hilo la pili huchochewa na metformini, dawa ya kushusha sukari ambayo kwa mkono wangu nimewagawia watu wengi nisioweza kuwahesabu.

Nisieleweke kwamba nawaambia watu waache metformini. Utafiti mkubwa wa kisukari uliofanyika Uingereza na kutangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wanene, wale waliotumia dawa hii walipungukiwa na vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 42 wakilinganishwa na waliotegemea mlo peke yake. Ni dawa nzuri, ni ya bei nafuu, na anayeitupa jalalani kwa sababu ya barua yangu atajidhuru. Ninachosema ni kwamba dawa nzuri inaweza kuwa na deni lake, na deni hili linalipika.

Vitamini B12 tunaipata katika nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa, wala haimo katika mboga za majani. Ikifika tumboni hushikwa na protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo, kisha husafiri hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa kwa msaada wa kalsiamu. Inaelekea kuwa ni hapo mwishoni ambapo metformini huingilia kati, kwa sababu mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa kalsiamu wagonjwa waliokuwa wakiitumia, na ufyonzaji wa B12 ukaongezeka. Mwili unahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba inayohesabiwa kwa miligramu, kwa hiyo mtu anaweza kuishi miaka kadhaa akitumia akiba hiyo bila dalili yoyote. Ganzi inapokuja kujitokeza katika mwaka wa sita au wa kumi, hakuna anayeikumbuka dawa. Mgonjwa ameshaizoea, na mhudumu anaona sukari ipo, basi anaandika sukari.

Na hili si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1971 madaktari wa Belfast, huko Ireland ya Kaskazini, waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba baadhi ya wagonjwa waliotumia metformini kwa muda mrefu walishindwa kufyonza vitamini B12, wakashauri kila mgonjwa wa namna hiyo apimwe mara moja kwa mwaka. Mwaka 2010 jarida hilohilo lilichapisha utafiti wa Uholanzi uliokuwa wa uhakika zaidi: wagonjwa 390 waliokuwa wakichoma insulini waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa metformini na nusu vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Kiwango cha B12 kwa waliopewa metformini kilishuka kwa asilimia 19 kikilinganishwa na cha wenzao, na kwa kila wagonjwa kumi na wanne hivi waliotibiwa, mmoja aliingia katika upungufu ambao asingekuwa nao. Jambo lililonigusa zaidi katika matokeo hayo ni kwamba kiwango hakikushuka mara moja na kutulia, bali kiliendelea kupungua kadiri miaka ilivyopita. Tangu mwaka 2017 mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani unashauri wagonjwa wa metformini wapimwe B12 mara kwa mara, hasa wenye upungufu wa damu au ganzi, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tangazo linalofanana na hilo.

Karibu na kwetu, madaktari wawili wa Kampala waliuliza katika makala yao ya mwaka 2013 kama upimaji na utoaji wa B12 unapaswa kuwa sehemu ya kawaida ya huduma ya kisukari, na utafiti uliofuata katika hospitali ya Mulago uliukuta upungufu huo kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake.

Naomba radhi nieleze na ya nyumbani. Dada yangu mkubwa ana umri wa miaka 67 na ametumia metformini kwa miaka kumi na miwili. Alipogundulika kuwa na kisukari, ndugu na majirani walimshauri aache nyama, aache mayai, aache maziwa, ale dona, mlenda na mchicha, naye alilishika shauri hilo kuliko hata sisi wauguzi tulivyowahi kushika maagizo ya daktari. Hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa akiufunga mlango wa B12 kwa upande wa chakula, huku kidonge kikiufunga kwa upande wa utumbo. Siku moja alifika kwangu akiwa na kandambili moja. Ya pili ilikuwa imemvuka njiani, na hakusikia. Katika kituo alichokuwa akihudhuria aliandikiwa vidonge vya B kompleksi mara tatu na kuambiwa avumilie, hadi kijana wake alipomlipia kipimo jijini Dar es Salaam na B12 ikakutwa iko chini sana. Alianza kuchomwa sindano za haidroksokobalamini, ambayo ni aina ya vitamini B12. Katika mwezi wa nne wa sindano hizo alinipigia simu alfajiri kuniambia kwamba amesikia baridi ya sakafu ya saruji kwenye nyayo zake. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havisikii kitu, na huenda visisikie tena, kwa sababu mshipa wa fahamu uliokaa muda mrefu bila vitamini hii si lazima urudi katika hali yake.

Hapo kwenye B kompleksi nataka nikae kidogo, maana ndiko tunakopoteza watu. Vidonge vya kawaida vya B kompleksi vinavyogawiwa kwenye makopo makubwa vimetengenezwa kwa vitamini B1, B2 na B3, na B12 haimo. Mgonjwa hurudi nyumbani akiamini ametibiwa, tabibu anaandika kwenye faili kwamba vitamini ametoa, na ganzi inaendelea kupanda. Vidonge vya asidi ya foliki navyo vina hatari yake kwa mtu wa namna hii, kwa kuwa huweza kurekebisha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12 huku uharibifu wa mishipa ya fahamu ukiendelea chinichini. Kwa sababu hiyohiyo, wingi wa damu ukiwa mzuri si ushahidi kwamba B12 inatosha.

Sidai kuwa B12 ni tiba ya kila ganzi ya kisukari. Mgonjwa ambaye kiwango chake ni kizuri na sukari yake iko juu, dawa yake ni kuishusha sukari na kuitunza miguu. Lakini kwa wale walio na kiwango cha chini tunao ushahidi wa kutia moyo: watafiti wa Thessaloniki, Ugiriki, walitangaza mwaka 2021 matokeo ya jaribio la wagonjwa 90 wenye ganzi waliokuwa wametumia metformini kwa miaka isiyopungua minne. Waliopewa kidonge cha B12 cha mikrogramu 1,000 kila siku kwa mwaka mmoja walipata nafuu katika vipimo vya mishipa ya fahamu na katika maumivu, wakati wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa hawakupata. Naona ni wajibu wa watafiti wetu kufanya jaribio la namna hiyo hapa nyumbani, kwa watu wanaokula vyakula vyetu na wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa kama tunavyochelewa sisi.

Wakati tukisubiri, yapo yanayowezekana leo. Tanzania tayari ina msingi mzuri katika huduma ya mguu wa kisukari, kwani mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioendeshwa hapa kwetu na kule India miaka ya 2000, uliwafundisha daktari na muuguzi wa kila kituo wakiwa pamoja jinsi ya kukagua miguu. Katika ukaguzi huohuo liongezwe swali moja: metformini ulianza mwaka gani? Aliyefikisha miaka minne au zaidi na ana ganzi, au ana upungufu wa damu, au hali kabisa vyakula vya wanyama, apelekwe kupimwa B12. Kipimo ni ghali na hakipatikani kila mahali, nalijua hilo, na ndiyo maana naiomba Wizara ya Afya na mifuko ya bima ikiingize katika vipimo vya mgonjwa wa kisukari badala ya kumwachia mtoto wa mgonjwa alipe. Sindano yenyewe imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na sisi tunaotoa ushauri wa chakula tuache kuwaambia wazee waache nyama bila kuwaambia wale nini badala yake; dagaa wa mboga ya jioni na yai la asubuhi havipandishi sukari.

Dada yangu ana kliniki Jumanne ijayo. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake ameandika mwaka alioanza metformini na tarehe ya kila sindano aliyochomwa, ili yeyote atakayemhudumia siku hiyo ayakute.

Wako katika kujenga afya,
Muuguzi mstaafu,
Muheza, Tanga.