Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa: mtoto apewe jalada la kazi la mzazi wake

Ndugu Mkurugenzi,

Arobaini ikishapita, sanduku la bati la marehemu hufunguliwa. Ndani kuna hati mbili za kusafiria, barua yenye muhuri wa SIRI, na picha ya mzee kavaa koti zito huko Berlin Mashariki. Kabla jua halijazama ukoo umeshaamua: mzee alikuwa shushushu. Sisi tunaosaidia familia za Mwanza kusaka nyaraka tunakuandikia kuhusu kinachofuata, maana kinapitia mlangoni kwako.

Vitu hivyo vitatu havithibitishi neno. Muhuri wa SIRI uligongwa hata kwenye mambo ya kawaida ya utumishi: maonyo, kupandishwa cheo, na tathmini za mwaka, ambazo kabla ya OPRAS, mfumo wa tathmini ya wazi, kuanza 2004 ziliandikwa kwa siri. Ujerumani Mashariki ilisomesha waandishi wa habari na watu wa vyama vya wafanyakazi kutoka Afrika. Na hati ya pili ya kusafiria hutolewa pia ya kwanza inapokwisha muda.

Mwanza ina mtego wake. Mabaharia wa meli za Kisumu na Port Bell (Uganda) walikuwa, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, waajiriwa wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Kwa hiyo jalada la baharia wa Mwanza huenda halijawahi kukaa Mwanza. Mtoto anaona miaka kumi haina karatasi, anadhani imefichwa. Kweli, Amin alipotwaa Uganda 1971, aliyetoka Port Bell angeweza kuulizwa na watu wa usalama alichokiona bandarini. Lakini kuulizwa si kuajiriwa.

Chenye thamani sandukuni ni ule mstari mdogo juu ya barua: Kumb. Na. Herufi za mwanzo huonyesha ofisi au masijala, tarakimu za kati ni jalada, na namba ya mwisho baada ya mkwaju (/) ni folio, yaani nafasi ya barua ndani ya jalada. Folio 42 maana yake zimetangulia 41. Ndiyo maana tunazisihi familia zipige picha kila karatasi mbele na nyuma, bila kuchomoa pini, kabla wajukuu hawajaanza kugawana.

Ombi la kupewa jalada huambatana na cheti cha kifo, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na majina yote ya marehemu kwa kila tahajia, kwa kuwa Masanja na Massanja ni majalada mawili. Kosa linaloua maombi mengi ni sentensi ya kwanza: “Naomba taarifa za baba yangu aliyekuwa usalama.” Karatasi hiyo inapelekwa masijala ya siri na hairudi. Anayeomba jalada binafsi la mtumishi fulani, kituo fulani, miaka fulani, walau ana cha kufuatilia.

Nje ya nchi mambo si mepesi, ila yana utaratibu. Ndugu wa karibu wa marehemu anaweza kuomba mafaili ya Stasi, chombo cha usalama cha Ujerumani Mashariki, ambayo tangu 2021 yako chini ya Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Tatizo ni kwamba idara ya Stasi ya ujasusi wa nje iliteketeza sehemu kubwa ya mafaili yake 1990, hivyo jibu la “hakuna” halimsafishi mtu wala kumtia hatiani. CIA huweza kujibu kwamba haithibitishi wala haikanushi. Jibu kavu, lakini lina namba na tarehe, na linakatiwa rufaa.

Hapa kwetu jibu ni “njoo wiki ijayo”, wakati Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatoa siku 30 za kujibu, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inafungua nyaraka za umma zikitimiza miaka 30. Aliyestaafu 1985, karatasi yake ya mwisho kazini imeshavuka muda huo.

Hatuombi majina ya watoa habari wala ya maofisa wenzake. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996 tunaijua. Tunaomba waraka wako kwa masijala zote: jalada la wazi litenganishwe na la siri na litolewe kwanza, bila kusubiri la pili. Kila ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, hata kama jibu ni la kutothibitisha na kutokanusha. Na pale jalada lilipoteketezwa, familia ipewe nakala ya orodha ya uteketezaji yenye tarehe. Fomu ya mfano ya ukurasa mmoja tumeshaiandaa, nasi tutaileta ofisi yako ya kanda hapa Mwanza siku utakayotupangia.

Wasaidizi wa familia katika kusaka nyaraka,
Mwanza