Mama akipata, masurufu yasikatwe

Mhariri,

Mazungumzo kuhusu akina mama wenye biashara hapa Mombasa huishia kwenye swali la barazani: nani sasa kichwa cha nyumba? Tutazame pesa zenyewe zinapita wapi.

Mama wa mahamri hukanda usiku kilo zake 2 za unga kwa tui, iliki na hamira, na kabla ya adhana ya alfajiri karai liko motoni. Faida, akishatoa ya unga na mafuta ya kesho, huishia kwenye mitungi ya maji, mboga na nauli ya watoto. Mume akiona chungu hakikosi kitu, hupunguza masurufu. Huanza kwa kutoacha ya mboga, kisha ya maji. Zake zinakwenda kwenye kiwanja na mabati. Baada ya miaka 10, za mama zimeliwa, za baba zina hati.

Kazi za nyumbani nazo hazimhamii baba, humwangukia binti. Ndiye anayekaa juu ya mbuzi kila jioni akikuna nazi, vitabu vimefungwa, na kaka yake anauliza chai iko wapi.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu ulezi na kazi za nyumbani kuwa mchango. Lakini mchango huthibitishwa, na Mahakama ya Juu ilikwisha sema Januari 2023 kwamba wanandoa wakiachana, kugawana mali nusu kwa nusu hakuji kwenyewe. Kwa Waislamu, nafaka, yaani matunzo ya mke, ni juu ya mume hata mke awe tajiri, na mali ya mke ni yake. Akitoa, ni hisani au ni deni? Wengi hawaulizani siku ile, wakaja kuulizwa kwa Kadhi. Kama ni deni, Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 282, yataka liandikwe na mashahidi wawepo.

Kwa hiyo wagawane vitu, wasigawane ahadi: kodi, maji na unga vibaki kwa baba. Zamu ya mama kupokea pesa za chama, kile cha kuchangiana, ipangiwe kabla haijafika, maana ikifika bila mpango humezwa na karo. Akinunua mabati, alipe kwa simu yake mwenyewe na risiti iandikwe jina lake. Taslimu aliyompa mume akalipe haiachi alama.

Na kijana anayeweza kubeba mtungi wa lita 20 aonyeshwe mbuzi inapowekwa.

Msomaji,
Kisauni, Mombasa