Presha ipimwe pia mgonjwa akiwa amesimama

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa presha. Tunahimizwa kila siku kupima presha ya kupanda, na ni vyema. Lakini hapa Tabora wapo wazee ambao presha yao hushuka ghafla wanaposimama: kizunguzungu, macho kuingia giza, mara wako chini. Majirani husema hawajala, au wamerogwa.

Mtu anaposimama, damu nyingi huelekea miguuni na tumboni. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoiamuru mishipa ya damu ibane ili ubongo usikose damu. Kisukari cha miaka mingi au ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka na mwili kukakamaa) ukiiharibu mishipa hiyo ya fahamu, amri hiyo haifiki. Mgonjwa akipimwa ameketi tu, tatizo linaweza lisionekane kabisa. Baya zaidi, wengi wao presha hupanda wakilala; wakiongezewa dawa ya kuishusha, kuanguka nako huongezeka.

Naomba kliniki za kisukari na zahanati zetu zimpime mgonjwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, aonwe na daktari. Hakuna mashine mpya ya kununua. Panahitajika kitanda na subira ya muuguzi, ingawa foleni za asubuhi tunazijua. Nyumbani, mzee aketi kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo asimame, na anywe maji ya kutosha, hasa kwenye joto la Oktoba. Dawa asiache wala chumvi asiongeze bila daktari kuelekeza.

Msomaji wako,
Ipuli, Tabora