Msiba uko ng'ambo, karatasi iko mjini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaotaka mpaka wetu na Msumbiji ubanwe zaidi, wakisema mamlaka ya nchi hayana mjadala. Mamlaka ya nchi nayaheshimu. Oktoba 2020 wavamizi kutoka ng'ambo, Msumbiji, waliingia kijiji cha Kitaya wakaua watu na kuchoma nyumba. Sisi wa Mtwara Vijijini hatuhitaji kukumbushwa. Askari wakae kwenye mto Ruvuma, ulio mpaka wetu, tena waongezwe.

Lakini mwaka juzi mama yangu mkubwa alifariki ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma, Msumbiji. Habari ilifika alfajiri, maziko yalikuwa alasiri. Pasi ya kusafiria sina. Ni shilingi 150,000, na korosho tulikuwa hatujauza. Nikakimbilia mjini kutafuta kibali chochote cha kuvukia, nikaambiwa nirudi kesho na barua ya kijiji. Kesho! Wakati huo mdogo wangu alikwisha kupanda mtumbwi. Alizika, akarudi usiku wa pili, suruali imelowa hadi magotini, udongo wa kaburi bado uko kwenye kucha. Yeye aliyemzika mama ndiye mkosaji. Mimi niliyefuata sheria sikutupa hata konzi moja ya udongo.

Mto huu walioufanya mpaka ni Wajerumani na Wareno, mwaka 1886. Wamakonde walikuwapo pande zote mbili na bado wapo. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafunzwa Nachingwea, hapa jirani Lindi, na wakimbizi wa vita ile tuliwapokea vijijini kwetu. Sikumbuki mzee yeyote aliyesema nchi yetu ilipungua kwa hilo.

Agosti 2005 nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ambayo sisi na Msumbiji tumo, zilikubaliana itifaki, yaani mkataba, ya kurahisisha safari za watu: siku 90 kwa mwaka bila viza. Ili ianze kutumika, sharti theluthi mbili ya wanachama wairidhie. Miaka inakwenda, idadi haijatimia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki halitufai kwa hili, Msumbiji haimo. Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010 ni zuri, ila liko Mtambaswala, Nanyumbu, mbali na sisi wa huku chini.

Ninachoomba ni kibali cha ujirani kitolewe kijijini, chenye picha na muhuri, cha siku chache, kwa vijiji vya kando ya mto tu, kikaguliwe kivukoni. Mwenyekiti wetu anamjua kila mtu na jamaa zake wa ng'ambo. Aliyeandikwa daftarini askari anajua katoka lini na anarudi lini. Aliyevuka gizani hajulikani na yeyote, na ni sisi wenyewe tunaowasukuma watu wema kwenye giza hilo, wachanganyike na wabaya.

Desemba wajukuu wa marehemu wanatolewa jando huko huko ng'ambo. Mdogo wangu ameshaanza kuulizia mtumbwi.

Mkulima wa korosho,
Mtwara Vijijini